Kijumba cha Pasi

Kwako kaka yangu Redio,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi. Natumaini u mzima, wifi yangu na wanao hawajambo, na kile kikohozi chako cha asubuhi kimekuacha. Sisi huku tunasukuma siku. Macho ya mama hayajapata nafuu, lakini masikio yake ni makali, anasikia hata uzi ukikatika kwenye cherehani yangu. Tunalala chumba kimoja, yeye kitandani, mimi kwenye godoro chini ya meza ya kukatia nguo, na naamka na vipande vya vitambaa kwenye nywele. Silalamiki. Nakueleza tu chumba kilivyo.

Mimi mama bado ananiita Kiberiti, na sababu unazijua. Wewe bado anakuita Redio, kwa kuwa ulianza kusema kabla ya kutambaa, na hukunyamaza mpaka kituo cha utangazaji kikaamua kukuajiri kwa hilo hilo. Kipindi chako hatukikosi. Mama hunizuia kushona hadi uage wasikilizaji.

Sasa nikupe habari za kijumba chetu. Historia yake unaijua, lakini nivumilie niirudie, maana sina hakika tena kama mimi na wewe tunajua historia moja. Kilijengwa nyuma ya bustani ya kasri kiwe stoo ya matandiko ya farasi. Bibi alipochukuliwa kupiga pasi nguo za mfalme, pasi zilitakiwa ziwe za moto kabla hakujapambazuka, basi akapewa stoo ile ili alale karibu na mkaa wake. Ukuta unaotazama kasri haukutobolewa dirisha, maana watumishi hawakutakiwa kumwona mfalme akiwa na nguo za kulalia. Bibi alikuwa akicheka kwamba nguo zenyewe za kulalia alizinyoosha yeye. Alifia mle, mama akashika pasi, na sisi wawili tukazaliwa mle. Kisha mfalme mzee akamwambia mama, pale mlangoni, wewe ukiwa umemshikia kikapu cha mashati na mimi nikiwa mgongoni, kwamba nyumba ni yake na ya watoto wake. Hakuna aliyeandika. Nani angethubutu kumwomba mfalme aweke neno lake kwenye karatasi?

Mfalme alipofariki tuliambiwa tutoke ili nyumba zikarabatiwe, na kwamba wenye haki watarudishwa. Msimamizi wa kasri alitaka mtu mwingine, mbali na mama, aliyelisikia lile neno kwa masikio yake aende kulisema. Huyo ulikuwa wewe peke yako. Ukatuambia, "Niachieni mimi." Ukaenda, ukarudi, ukasema wamekusikiliza vizuri na tungoje majibu. Tukangoja, mama akiwa amefunga vyombo vyake, kila wiki akiniuliza kama umesema lolote.

Wiki iliyopita nilisikia kwa mteja wangu kwamba kijumba kimefunguliwa kwa wageni. Nikampeleka mama, tukaingia kama wageni wengine. Binti wa mlangoni alituvika hedifoni, akasema historia yote imo humo. Ilipoanza, mama alinishika mkono kwa nguvu, uso ukamchanua. Akamwambia binti kwamba huyo anayezungumza ni mwanawe. Binti akatabasamu vile watu wanavyowatabasamia wazee.

Unajua ulichosema, lakini mimi ndiyo kwanza nilikuwa nakisikia. Kumbe kijumba kilijengwa ili mfalme apate mahali pa kutulia na kuandika. Kumbe ukuta hauna dirisha asije akasumbuliwa. Meza yetu ya pasi imekuwa meza yake ya kuandikia, na zile alama za kuungua ni za mishumaa. Mshumaa gani, kaka, wenye ncha mbele na tako pana nyuma? Nilikaribia kucheka. Nikakutetea moyoni, nikasema wamempa karatasi akaisoma, ndiyo kazi yake, mtangazaji hachagui cha kusoma.

Halafu tukafika mlangoni. Ukasema, kwa ile sauti yako ya chini ya kuwaaga wasikilizaji, kwamba mlango huu hulia ukisukumwa, na kwamba mfalme alipotoka alfajiri aliunyanyua kwanza kwa bega, taratibu, asiwashtue ndege wa bustani.

Hilo hakuna mtu wa kasri aliyeliandika. Aliyeunyanyua mlango ule kwa bega ni mama, mikono imejaa nguo, akitoka kwenda kazini nasi tumelala. Mimi nililijua nilipokua na kuanza kuamka naye kuwasha mkaa, na wakati huo wewe ulikuwa umeshahama. Kwa hiyo hukusoma, kaka. Ulitunga. Kumsahau mama kungekuwa afadhali. Wewe ulimkumbuka vizuri kabisa, ukachukua bega lake ukampa mfalme.

Mama alivua hedifoni akazishika kifuani. Nilidhani atalia. Alisema tu, "Kumbe alikuwa macho."

Msimamizi alimtambua mama, akaja. Mwenyewe aliona haya. Alieleza kwamba uliwaambia tulikaa pale kama watumishi wengine wowote, na kwamba neno la mfalme hukuwahi kulisikia. Akasema wamekupa kazi ya kusimulia nyumba zote za kasri. Lakini akasema pia kwamba mama akitamka pale pale mbele yake kuwa si kweli, atalirudisha shauri barazani. Nikamgusa mama kiwiko. Nikamgusa tena. Mama akamjibu kwamba mwanawe hasemi uongo, na kwamba yeye ni mzee, huenda siku ile hakusikia sawasawa.

Kaka, nimeumia, na sitaki kuzungukazunguka. Nilikuamini kuliko nilivyojiamini mimi. Ulikula chakula chetu siku ile uliporudi kutoka kasri, ukatutazama usoni, ukatuambia tungoje. Sasa nyumba imekwenda, na aliyelifunga shauri kabisa ni mama, kwa ajili yako. Njiani nilipomsema kwa kukuachia, alinikanya nisikutaje vibaya.

Barua hii ni yeye aliyeniagiza niiandike. Amekaa hapa kando yangu anasikiliza kalamu, na anashangaa kwa nini ni ndefu hivi, maana alichonituma ni maneno machache. Nimemjibu kwamba naremba salamu.

Wasalimie wifi na watoto, waambie shangazi yao anawakumbuka. Na hizi ndizo salamu za mama, kama alivyozitamka. Anasema hajambo. Anasema kijumba hatujaenda kukiona, kwa sababu miguu inamsumbua. Anasema usijisumbue kuharakisha, bado tunangoja yale majibu yako.

Ni mimi mdogo wako,
Kiberiti