Mama Hatazami Mbio

Jumapili, 9 Novemba
Baridi. Goti linauma, lile lile lililonitoa uwanjani. Nimetuma gazetini ripoti ya mashindano ya vijana, nikapanda basi kwenda mtaa wa Weston kwa Mama. Nimemsomea sura nyingine ya riwaya yangu. Nimeiandika kwa Kifaransa, namsomea kwa Kiswahili, nageuza papo hapo. Amecheka sana. Anasema yule msichana mkimbiaji ni mimi. Nimekataa. Mwongo mkubwa mimi.

Jumatano, 12 Novemba
Daktari anasema moyo wa Mama umechoka. Wiki, labda miezi. Mama hakumuuliza kitu. Aliniuliza mimi kitabu kimebaki kiasi gani. Anataka kusikia mwisho.
Mimi sitaki ausikie. Mwishoni mama wa msichana anakufa hospitalini, peke yake. Binti hafiki. Niliandika hayo Mama akiwa mzima, nikajiona hodari.

Jumapili, 16 Novemba
Nimesoma polepole makusudi. Nimejikohoza. Nimerudia kurasa. Mama si mjinga.
"Weye ulikuwaga unakimbia," amesema. "Leo unatembea."
Hata hizo mbio hakuziona. Nilivaa jezi ya Ufaransa, akaja uwanjani kila mara, na kila mara bastola ya kuanzisha mbio ikilia alijifunika uso kwa kitenge. Halafu anamuuliza jirani: alifika? Kushinda hakukumhusu. Alitaka kujua tu kama nimefika nikiwa mzima.

Ijumaa, 21 Novemba
Mama amelazwa. Mhariri wa riwaya ameandika kutoka Paris: mwisho usiguswe, ndio unaokibeba kitabu. Anasema kweli. Namchukia.

Jumapili, 23 Novemba
Ameomba mwisho. Sikuwa na ujanja tena. Nimesoma kitanda, mashine, dirisha, yule mama anauangalia mlango. Nikaishia hapo.
Mama akavuta kitenge, akajifunika uso. Akauliza humo humo ndani:
"Mutoto alifika?"
Karatasi ilikuwa mbele yangu.
"Alifika, Mama."
"Basi ni muzuri."
Akalala. Nimelia chooni, bomba la maji likiwa wazi.

Ijumaa, 28 Novemba
Muuguzi alipiga simu asubuhi: njoo haraka. Theluji. Basi likakwama barabara ya Kipling, magari hayasogei. Nikashuka. Nikakimbia na goti langu bovu, buti nzito, watu wananishangaa. Nikaanguka, nikainuka. Sijawahi kukimbia vile, hata nilipokuwa nalipwa.
Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya.

Alhamisi, 4 Desemba
Tumemzika jana. Watu wa kanisani waliimba vizuri, wakaleta ugali na sombe ya majani ya muhogo, nimekula kidogo. Kitenge chake kiko juu ya kiti changu.
Asubuhi hii nimefungua sura ya mwisho. Nimeandika kwamba binti alifika, akaushika mkono wa mama yake ungali na joto. Nimeituma Paris. Mhariri atakasirika.
Nje theluji imeacha kuanguka. Nimechemsha chai.