Mke Mwenza wa Mnarani

Jumatatu, 3 Machi

Amehamisha picha yangu. Hakuitupa — ameihamisha. Imekaa juu ya meza yake ya kuandikia tangu tuingie nyumba hii: mimi na gauni la madoadoa, nimekunja uso kwa sababu ya jua. Leo nimeikuta kwenye droo pamoja na chaki na rababendi. Mahali pake amesimamisha picha ya yule mwanamke.

Nimemuuliza. Akasema ni kwa muda tu, anahitaji kumwona usoni anapoandika. Mimi nilidhani mtu huandika akitazama karatasi.

Basi na mimi nimwandike hapa, nimjue vizuri. Bibi Mnara. Amekufa miaka sitini iliyopita. Alikuwa fundi saa, mwanamke pekee katika kazi hiyo, na kwa miaka thelathini na mmoja alipanda mnara wa saa ya mji kila Ijumaa, ngazi mia na kumi, kwenda kuitia saa ufunguo. Mume wangu ni mwalimu wa historia. Alilikuta daftari la mnara kwenye kabati la manispaa. Kila Ijumaa sahihi yake ipo, kila Ijumaa, isipokuwa moja. Tangu alipoleta habari hiyo, nyumba hii ina watu watatu.

Anaandika riwaya. Ya historia na mapenzi, anasema. Yeye anaandika kwa mkono, mimi napiga chapa. Mwandiko wake ni balaa, hata mwenyewe akirudi kesho yake hausomi. Ni mimi tu ninayeuweza. Ndoa ya miaka kumi na tisa, nimeusomea.

Alhamisi, 6 Machi

Sura ya pili. Vidole vya Bibi Mnara: "vyembamba, vilivyojua uzito wa sekunde." Nimeangalia vyangu. Vina weusi wa karatasi ya kaboni. Kutwa napiga barua za idara ya maji — mabomba, mita, malalamiko ya watu — halafu narudi nyumbani kupiga sifa za vidole vya mwanamke mwingine.

Nimemwambia kwenye picha vidole havionekani, amevaa glavu. Akasema hapo ndipo kazi ya mwandishi inapoanza. Haya.

Jumapili, 16 Machi

Wifi amekuja. Dada yake Mwalimu, anashona mapazia mtaa wa pili. Akanikuta nimenuna, akanibana mpaka nikamweleza. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema hajawahi kumwona mtu anayegombea mume na marehemu. Akaanza kunihesabia faida: mke mwenza huyu hali, hafui, haombi viatu, wala hana mama wa kuja kukaa mwezi mzima.

Nikamwambia huo ndio ubaya wake. Hazeeki. Hakosei. Hanuki kitunguu. Mimi nitashindana naye vipi? Mimi nilipigwa picha nimekunja uso, yeye kapigwa anatazama mbali kama anayeitwa na malaika.

Wifi akaacha kucheka. Akasema kama ni hivyo nimtafutie kosa. Mwanamke gani hana kosa?

Jumanne, 25 Machi

Nimelia kazini. Sijawahi.

Nilibeba daftari lake nipige kurasa mbili saa ya chakula. Sura ya sita. Kuna karani wa posta — ndiye mpenzi aliyemtungia, kwa kuwa posta ilikuwa mkabala na mnara — anamsubiri chini ya ngazi wiki nenda wiki rudi, haya zimemjaa, hathubutu. Bibi Mnara anachungulia kutoka juu, anamwambia: "Ukinisubiri huko chini utazeeka. Panda."

Hayo ni maneno yangu.

Mimi ndiye niliyemwambia yeye! Ofisi yetu ya zamani, ghorofani. Yeye kijana mwembamba, vitabu kwapani, miezi mitatu anakuja kuulizia bili ya maji ambayo ilishalipwa. Anafika kwenye ngazi, anageuka. Siku moja nikainama juu ya reli nikamwambia maneno hayohayo, na akapanda. Sijawahi kumsimulia mtu, hata wifi. Yalikuwa yetu wawili. Sasa ameyatoa kinywani mwangu akamtia yule kinywani, na mimi ndiye wa kuyapigia chapa, pamoja na nakala.

Mkuu wangu amepita akauliza kama ni mafua. Nikasema ni mafua.

Picha niliisamehe. Hili silisamehe.

Jumatano, 2 Aprili

Nimefika sura ya saba. Ijumaa aliyokosa. Nakiri nilikuwa naingoja, maana hapo ndipo nilipotegemea kumpatia kosa. Miaka thelathini na mmoja, siku moja tu hakupanda. Kwa nini? Mwalimu wangu amejibu: homa.

Homa! Mwanamke aliyepanda ngazi mia na kumi na mguu umeteguka — limeandikwa kwenye daftari la mnara, Mwalimu mwenyewe alinisomea — leo azuiwe na homa? Kurasa nne za vitambaa vya maji kwenye paji la uso. Na sita nyingine juu ya magurudumu ya saa.

Nilipiga mstari mmoja. Nikaitoa karatasi kwenye mashine.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimefanya kitu.

Sikupiga homa. Nimepiga hivi: asubuhi ya Ijumaa ile Bibi Mnara alisikia kwamba binti wa mkuu wa stesheni anakwenda posta kila siku kununua stempu. Stempu moja. Kila siku moja! Basi hakupanda mnara. Alikwenda kukaa kwenye benchi mbele ya posta, na bakuli la chakula cha karani limefungwa kitambaa, liko mapajani. Hakuingia. Hakuondoka. Chakula kikapoa. Juu ya kichwa chake saa ikapunguza mwendo, ikapunguza, ikasimama saa tisa na dakika kumi. Watu wakaachwa na treni. Shule haikupiga kengele. Mwokaji akaunguza mikate. Mji mzima ulichelewa kwa sababu ya wivu wa mtu mmoja.

Kurasa kumi na moja. Sikufuta hata herufi moja, mimi ambaye barua ya mita naifuta mara nne.

Nilitaka kumpaka matope. Nilitaka Mwalimu aone kwamba mpenzi wake wa mnarani naye ana roho ya kwa nini kama sisi wengine. Lakini nilipofika kwenye bakuli nikamwonea huruma. Nimekasirika kwamba nimemwonea huruma.

Ijumaa, 4 Aprili

Bakuli lile. Kwa nini nimeweka bakuli?

Ni langu. Miaka kumi na miwili iliyopita shuleni kwao alikuja mwalimu mpya wa jiografia, wanafunzi walimwita Bi Ramani. Mwalimu akawa kila akirudi ni Bi Ramani kasema hivi, Bi Ramani kacheka vile. Siku moja niliomba ruhusa kazini, nikaenda kukaa kwenye benchi nje ya geti na chakula chake mapajani. Kutwa. Alipotoka saa kumi hakuuliza kitu. Alikaa pembeni yangu, akafungua kitambaa, akala chote kikiwa baridi. Mpaka leo hatujawahi kulizungumza.

Akisoma atajua. Lakini hasomi. Kurasa zilizopigwa anazihesabu tu na kuzipanga. Ananiamini anavyoiamini kengele ya shule.

Jumamosi, 12 Aprili

Muswada umekwenda kwa wachapishaji. Sura ya nane na ya tisa nazo nimezipiga kwa namna yangu. Nilishaanza, ningerudije nyuma? Nakala ya kaboni iko kwenye kabati la vyombo, nyuma ya sahani za wageni.

Jana alasiri, kabla muswada haujatumwa, niliporudi kutoka kazini nilimkuta ameushika mapajani. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anahesabu kurasa. Na kweli, midomo yake ilikuwa inakwenda kama ya mtu anayehesabu.

Leo kalamu yake ya kijani imeisha wino. Anasema ni ishara, imekufa pamoja na kitabu. Amenunua ya bluu.

Picha yangu bado iko na chaki.

Ijumaa, 16 Mei

Barua imefika. Imetoka kwa mhariri, mwanamke. Sura sita za kwanza, anasema, ni safi lakini kavu. Ya saba, ya benchi na bakuli, ameisoma amesimama. Hajapata kukutana na mwanamume anayeujua wivu wa mwanamke namna hii. Watakichapa.

Mwalimu ameisoma kwa sauti. Mara tatu. Kila akifika pale pa sura ya saba anainua macho, ananitazama mimi. Mara ya tatu akauliza kama nina la kusema.

Nikasema maziwa yanafurika.

Hayakuwa yanafurika. Hayakuwa hata jikoni.

Jumamosi, 17 Mei

Kumbe simwonei tena wivu Bibi Mnara. Namwonea wivu mume wangu.

Walimu wenzake wamekuja kumpongeza, sebule imejaa. Mimi napita na trei, kula biskuti, karibu chai. Mmoja, ameshaisoma barua ya mhariri, akamuuliza mambo ya benchi ameyajulia wapi, mwanamume mzima. Akajibu kwamba mtu anaishi na watu. Nilitamani kummwagia chai mapajani.

Na yule naye, pale mezani, katulia. Hata kosa nililompa limemzidishia uzuri. Wote wanampenda zaidi kwa kile kile ambacho mimi nimekiona aibu miaka kumi na miwili.

Nitamwambia. Kesho baada ya chakula.

Jumapili, 18 Mei

Sikumwambia.

Jumatatu, 2 Juni

Sijamwambia. Nikilifungua sasa nitaonekana nafuata sifa. Ningesema siku ya barua. Ningesema siku ileile ya bakuli. Limenikaa kooni, na kila siku inayopita linanenepa.

Leo ameniletea ukurasa wa mwanzo nipige. Jina la kitabu, jina lake. Chini yake, pale pa kusema kitabu hiki ni kwa ajili ya nani, ameacha wazi. Nikamuuliza niandike nani. Akasema hilo si lake kuamua.

Si lake! La nani basi, la marehemu? Nimepiga ukurasa na tundu lake hivyohivyo.

Jumamosi, 14 Juni

Naandikia jikoni, nimesimama, daftari hili liko juu ya friji. Mhariri amekuja. Yuko sebuleni.

Nilimtegemea mama mtu mzima wa miwani. Ni mwanamke wa umri wangu, nywele fupi, amevua viatu mlangoni na kuingia pekupeku kama kwake. Alimpa Mwalimu mkono, akamshikilia kidogo. Akasema maneno mengi mazuri. Halafu akaomba kusomewa sura ya saba, siyo iliyopigwa chapa — ya kwenye daftari, ilivyotoka kwanza kwenye kalamu. Anasema mashine inaficha mahali mkono ulipotetemeka.

Nikafikiri: ndiyo leo. Ataumbuka, na nitaumbuka naye.

Mwalimu hakutetemeka. Alikwenda mezani, akalichukua daftari, akaja kunipa mimi. Akamwambia mgeni kwa sauti yake ya darasani kwamba msomaji ni mke wake, mwandiko huu anaujua yeye peke yake.

Nikasema niache nichemshe maji kwanza.

Nimelifungua hapa kwenye jiko. Sura ya saba. Homa iko palepale, na vitambaa vyake vya maji. Lakini pembeni, kwenye nafasi tupu ya ukurasa, kuna herufi za ubaoni, zile kubwa wanazoandikiwa watoto wanaoanza kusoma, ambazo hata kipofu nusu angezisoma: HAIKUWA HOMA. BAKULI NALIKUMBUKA. WASOME YA KWAKO.

Wino wa kijani.

Nimeusogeza mpaka dirishani. Ni wa kijani. Basi ni tangu Aprili, tangu ile alasiri ya kuhesabu kurasa, kabla hata hazijatumwa. Alizituma anajua. Na ile barua, mara tatu — alikuwa ananisomea mimi! Alikuwa ananipongeza, na mimi namjibu maziwa.

Nimefurahi? Nimekasirika. Miezi miwili anajua, ananyamaza, anapokea pongezi za sebule nzima, anangoja mimi ndiye niseme. Amekaa chini ya ngazi vilevile kama zamani, vitabu kwapani. Mpaka lini mimi ndiye wa kumwambia apande?

Mhariri anacheka. Ana kicheko kizuri, cha chini chini. Nimechungulia: kakaa kwenye kiti changu, kile cha karibu na meza. Huyu naye yuko hai.

Kitu kingine nimekiona nilipochungulia. Picha mezani ni mbili. Sijui kairudisha saa ngapi yangu. Wamesimama bega kwa bega, anayetazama mbali na aliyekunja uso.

Maji yamechemka, nimezima, nimewasha tena. Mwalimu ameita kwamba wananisubiri. Sauti imemkauka. Anaogopa, namjua.

Nimezitoa kurasa zangu kumi na moja nyuma ya sahani za wageni. Nimeziweka kwenye trei, na daftari lake pembeni, limefunguliwa pale penye kijani. Vikombe vimekosa nafasi. Ameita tena.