Sifuri Ulizokuwa Ukizitafuta, Mjomba

Mjomba wangu mpendwa,

Leo ni Jumapili na bweni zima wamekwenda kufua. Nimebaki kitandani nimechoka, nikaona nikuandikie wewe, ingawa mwaka umepita tangu tukuzike nyumbani Chumbi.

Kesho natakiwa kurudisha fomu ya kubadili tahasusi. Nimepata sifuri kwenye jaribio la Hisabati, na si mara ya kwanza. Mwalimu wa taaluma hakunigombeza. Alisema tu, "Binti, hamia masomo ya sanaa mapema, usijitese." Mama naye kwenye simu: "Badili, mwanangu. Hata sauti yako imekonda." Nikatamani wewe uwepo, useme neno la tatu.

Unakumbuka likizo ile uliyotoka chuo kikuu, tukawa tunapandikiza mpunga? Bibi alikuuliza unasoma nini kisichokwisha. Ukamjibu kwa heshima, "Natafuta sifuri, mama. Nataka kujua zimekaaje."

Bibi akasimama na miche mkononi. "Tumekusomesha miaka yote hiyo ukatafute ziro? Si ungebaki hapa! Shule ya hapa wanazipata bila kuzitafuta."

Ulicheka mpaka ukakaa kwenye tope. "Inuka huko," Bibi akakwambia, "unakalia miche."

Baadaye ulinieleza mimi, polepole. Ulisema kuna mashine za hesabu ambazo wataalamu wanaziita kwa herufi L. Unaingiza namba, inatoka nyingine. Lakini zipo namba ambazo ukiziingiza, mashine inatoa sifuri; hizo ndizo mnazoziita sifuri zake. Mahali zilipo panatunza siri ya namba tasa, jinsi zilivyotawanyika. Na sifuri zote za maana, ulisema, zinaaminika kusimama kwenye mstari mmoja, ila hakuna aliyewahi kuthibitisha.

Nikatazama kamba tuliyokuwa tumeivuta shambani. "Kumbe kama mpunga wetu," nikasema. "Hatua moja, mche, hatua moja, mche."

"Hapo umekosea, mpwa wangu," ukasema, na ulifurahi kana kwamba nimepatia. "Hazikupimwa kwa kamba. Fikiria benchi la zahanati. Hakuna aliyepanga watu, nafasi hazilingani, lakini hakuna anayemkalia mwenzake. Sifuri nazo zinasukumana hivyo. Na chukua mashine nyingine ya L, tofauti kabisa: utakuta sifuri zake zina adabu ileile. Kwa nini? Ndiyo kazi yangu."

Nilichagua Hisabati kwa sababu ya benchi lile. Sikujua kwamba kati ya kulielewa benchi na kuandika hesabu yake kuna safari ndefu hivi. Hapa Kibiti darasani wenzangu wanaandika, mimi natazama ubao mpaka unafutwa. Nimechoka, Mjomba. Nakwambia wewe kwa sababu Mama nikimwambia atalia.

Baada ya arobaini yako, Mama alinipa daftari lako. Wakati ule, nikiwa kidato cha nne, ukurasa wa kwanza nilielewa mstari mmoja tu. Leo asubuhi, kabla sijajaza fomu, niliufungua kama mtu anayeaga. Nikaelewa mstari wa pili, kisha wa tatu. Wa nne ukanikwamisha. Nikaupitia mara tano, na kila mara naishia palepale: umeandika jumlisha, na mimi napata toa.

Unisamehe. Sikufuta chochote. Nimeandika toa pembeni, kwa penseli, herufi ndogo.

Inawezekana nimekosea mimi. Mwenye sifuri hawezi kujivuna. Lakini nataka kujua, Mjomba, na muda mrefu sijataka kujua kitu hivi. Kwa hiyo kesho nitairudisha fomu bila kuijaza, kisha nitampelekea mwalimu wa Hisabati daftari lako na kumwomba atazame mstari wa nne.

Pumzika kwa rehema za Mungu. Ukurasa wa pili sijaufungua bado.

Mpwa wako