Aliyeshika Kizibo cha Jabia

Jirani yangu mpendwa, Bwana Shee,

Najua ungeanza kwa kunicheka. "Mwalimu mzima, waniandikia mimi nisiyejua kusoma, tena nimeshakufa?" Ndiyo, bwana. Siku hizi ni mzee wa kanisa huku Mpeketoni, nina kitambi na miwani mbili, na bado nafanya mambo yangu kinyumenyume. Barua hii naiacha wazi, asomaye asome. Kosa nililifanya peke yangu. Aibu yake ukaivaa wewe mbele za watu.

Unakumbuka nilivyofika kisiwani Ndau? Kijana wa bara, sanduku moja na viatu vya ngozi vilivyojaa mchanga kabla sijapanda ngazi za nyumba. Ukuta wako na wangu ulikuwa mmoja. Jioni ile ya kwanza binti yako Zena aliniletea wali na samaki wa nazi, nami nikamla samaki kama ninavyokula kabichi, na miba yake. Ulikuja mbio uliposikia nakohoa. "Meza tonge kavu, usitafune," ukaniambia. "Samaki huyu hajakuzoea, mwalimu." Toka siku hiyo hukuacha kunitunza, wala hukuacha kunicheka.

Kazi yako ilikuwa kulinda jabia. Kwa wasiolijua, jabia ni birika kubwa la chini ya ardhi, na pembeni yake sakafu pana ya kukinga mvua. Maji hutiririka juu ya sakafu na kuingia kwa tundu moja. Kisiwa kizima kilikunywa humo. Baba yako alililinda, na babu yako kabla yake. Ulinieleza mara ngapi, ukiwa umeshika ule mti uliofungwa matambara, kizibo cha tundu? "Mvua ya kwanza ni ya nti, mwalimu. Yaosha kinyesi cha mbuzi na cha ndege, iwate yende, ipite zake. Ya pili ndiyo ya watu, hapo nafungua." Nami nilikuwa nikitikisa kichwa kama mwanafunzi mzuri, kumbe nawaza chakula.

Kisha ikaja Ijumaa ile. Wanaume wote mlikuwa msikitini, wanawake wamejifungia kwa upepo, na Mkristo pekee kisiwani amekaa kibarazani kwake akipunga nzi. Mvua ikashuka ghafla. Nikaona maji yakipita juu ya sakafu na kumwagika mchangani, mapipa na mapipa. Kwetu bara, tone la kwanza likigusa bati, mama ameshaweka beseni. Moyo uliniuma. Nikasema, maskini Bwana Shee, yuko kwenye hotuba, ngoja nimsaidie. Nikakimbia na viatu vyangu mpaka kwenye tundu, nikang'oa kizibo.

Jabia likanywa. Sauti ile ilikuwa kama ya mtu mwenye kiu ya siku tatu, akigugumia bila kupumua. Nilirudi ndani nimefurahi, nikakaa kusubiri sifa.

Sifa hazikuja. Nilisikia kelele, nikatoka, nikakuta watu wamekuzunguka. Maji ya akiba yalikuwa yamekuwa ya rangi ya chai. "Nilitia kizibo kwa mkono wangu huu," ulikuwa ukisema. Mtu mmoja akadakia, "Kizibo kina miguu? Kimeondoka kikenda kusali?" Wakacheka, kicheko kibaya. Kisha mmoja akanigeukia. "Mwalimu, wewe ulikuwapo. Umeona nini?"

Nikasema, "Nilikuwa nimelala."

Waliamini papo hapo. Nani asiyejua usingizi wangu? Wewe ukaniangalia kidogo tu, kisha ukaangalia chini.

Hapakuwa na maji mengine. Wengine walichemsha, wengine hawakuchemsha. Watoto wakaharisha wiki nzima. Mjukuu wako, kitoto cha Zena, alipelekwa bara kwa boti, mkono wake umening'inia nje ya kanga, haushiki kitu. Mungu alimrudisha hai. Lakini jabia ulinyang'anywa. Hukugombana na mtu. Uliendelea kuniletea mkate asubuhi, mpaka Zena alipohamia kwa mumewe Mkokoni nawe ukamfuata, na huko ndiko ulikozikwa.

Mimi nilihamishiwa Mpeketoni, nikaokoka. Sasa cheka: nilikuwa hodari wa ushuhuda! Niliungama ulevi wa mnazi, nikaungama uvivu, nikaungama hata kuku wa jirani niliyemla nikiwa shule. Kanisa lilicheka, likapiga makofi, likasema amina. Nilitubu zile dhambi zinazochekesha. Hii nyingine niliimba juu yake kwa sauti kubwa ili nisiisikie. Lakini kila Jumapili ya meza ya Bwana, nilipomeza, nilisikia jabia likinywa, hapa kooni mwangu. Na ulikuwa ukinijia machoni, Bwana Shee. Ulikaa benchi la mwisho, kofia yako mkononi, huniambii neno. Niligeuza uso. Nilibadilisha benchi. Ukabadilisha nawe.

Mwaka jana nilikirudisha kikombe bila kunywa. Ibada ilipokwisha, mchungaji wetu, ambaye kwa umri ningeweza kumzaa, akakaa kando yangu. "Mzee, kuna nini?" Nikamwambia yote, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Nilidhani atanifariji. Akasema, "Miaka yote hii umekuwa ukimletea Yesu mtu aliyekuwa amelala. Huyo hana la kusamehewa. Mlete yule aliyeshika kizibo."

Nikamleta. Nilipiga magoti kwenye saruji, kitambi na yote, nikamtaja kwa jina lake. Sina maneno makubwa ya kueleza. Nilijua tu kwamba msalabani palikuwa na nafasi yake pia, na kwamba sitafukuzwa. Nililia kama mtu aliyetapika sumu. Nilipoinuka nilikuwa huru, na uhuru wenyewe ukaanza kunisukuma nivuke bahari kumtafuta Zena.

Zena nilimkuta Mkokoni anakuna nazi. Amekuwa mtu mzima, ana sura yako ile ya kuzuia kicheko. Nilipomaliza kusema, hakuacha kukuna.

"Baba alijua," akasema.

Nikauliza alijuaje.

"Alitangulia kutoka msikitini, alikuwa na wasiwasi na jabia lake. Akakuta nyayo za viatu kwenye tope, mbele ya tundu. Ndau nzima aliyevaa viatu vile ni wewe. Akazifuta kwa fagio kabla watu hawajafika."

"Kwa nini, Bi Zena?"

"Walimu waliotangulia wote walikimbia. Alisema ukifukuzwa na wewe, hawa watoto watasomeshwa na nani? Na wewe ni mgeni, hukufanya kwa ubaya." Hapo ndipo mkono wake ukasimama. "Ila alisubiri useme mwenyewe. Alisubiri sana, mwalimu."

Sikuwa na pa kuweka macho. Nimehubiri mara ngapi juu ya asiye na kosa aliyebeba kosa la mwenziwe, na nilikaa ukuta mmoja nawe bila kukuona? Sikufananishi na Bwana wangu, ungenigombeza, na mimi ningejigombeza. Lakini ulinionyesha kivuli chake, na nilikuwa nimelifumba jicho.

"Ya mwanangu nimekusamehe," Zena akasema. "Ya baba alikusamehe siku ile ile. Lakini kaburini kwake usende bado. Anza Ndau. Kamsafishie jina."

Nikaenda. Ijumaa, baada ya sala, nilisimama nje ya msikiti, nikasema: "Kizibo nilikitoa mimi. Bwana Shee hakusahau." Wengi walioko sasa walikuwa wadogo mno wakati ule, baadhi niliwafundisha kuandika. Hakuna aliyenitukana, ningependa wanitukane. Walivuta uradi, wakimtaja Mungu chini kwa chini, kisha imamu akaomba dua, akakutaja wewe na baba yako, walinzi wa jabia.

Jana nimekuja kaburini kwako. Sikujua mikono niiweke wapi, nikaiacha ining'inie. Nilisema yote tena, kwa sauti, kama mtu anayesoma mbele ya mwalimu mkali. Upepo ulikuwa unapita kwenye majani. Nilingoja. Hukunijibu, na kwa mara ya kwanza kimya chako hakikunifukuza. Nilikaa nawe mpaka Zena akaniita chakula.

Pumzika, bwana, kwa Mola aliyeyaona yote kabla yetu. Ukija tena Jumapili, sitahama benchi.

Jirani yako wa ukuta mmoja,
Mwalimu