Nimuulize Mwongozaji Nani Alikuwa Mlangoni?

Mpendwa Shangazi Hatsue, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi. Tangu mama afariki miaka mitatu iliyopita, baba yangu, dereva mstaafu wa treni, alikuwa haongei, ukimuuliza kitu anaguna tu, basi mwezi uliopita nikamburuta tukaone filamu moja hapa Morioka, ya mzee anayeandaa bakuli mbili za supu ya miso kila asubuhi ingawa mkewe aliondoka zamani, na mwishoni zinasikika hatua za mtu nje, mzee anainua kichwa, giza, majina ya waigizaji yanaanza kupita. Mimi nikainuka niwahi basi, aibu yangu, wenzangu wote wameketi kimya wakingoja taa ziwake, na baba akatoka ananifokea, "We Chizuru, umekimbilia wapi? Baada ya majina mlango umesikika ukifunguliwa! Ni mkewe yule!" Nikamwambia, "Baba, ni mtu wa posta." "Posta gani saa kumi na mbili asubuhi? Huna akili!" Shangazi, tulikwenda kula, tukabishana mpaka tambi zikapoa, na sasa tumeiona mara nne, kila Jumapili ananipigia simu yeye mwenyewe! Jumamosi mwongozaji wa filamu hiyo anakuja kujibu maswali ya watazamaji, nami nataka nimuulize waziwazi alikuwa nani, lakini baba kasema nikithubutu, hatakwenda tena sinema na mimi. Kwani kutaka kujua ni kosa?

Chizuru

Chizuru mwanangu, hongera, halafu shika adabu! Unainukaje majina yakipita? Mama yako angekufinya.

Sasa nisikilize. Baba aliyekuwa akiguna leo anakupigia simu, anakuambia huna akili, halafu wewe unataka kumaliza ubishi? Mwongozaji akisema ni mtu wa posta, utakuwa umemfungia mzee wako mlango mbele za watu. Hujaona anamngoja nani? Mzee wa watu anakwenda pale kila Jumapili kusikia mlango ukifunguliwa, wewe umeng'ang'ania posta!

Jumamosi nenda naye. Mkono ukikuwasha kuunyoosha uulize, ukalie. Kisha mpeleke akale tambi, umwambie, "Baba, nimefikiria upya, labda ni jirani," uone atakavyowaka!

Mimi nimeiona mara mbili, na nilikaa mpaka mwisho. Aliyefungua ule mlango hakupiga hodi. Mwambie baba yako nimesikia hivyo.

Shangazi Hatsue