Sera Haijakataza Kupalia

Ijumaa, jioni. Jua limekuwa kali tangu asubuhi, halafu alasiri mawingu yakatanda juu ya Kariakoo na kuondoka bila kudondosha hata tone. Nguo imenigandia mgongoni. Sijali. Leo nina furaha ambayo nikiiacha tumboni sitapata usingizi, kwa hiyo naimwaga hapa.

Wanaonifahamu wanaujua ugonjwa wangu: napenda kusoma sera. Wenzangu wanasoma hadithi za mapenzi, mimi nasoma mipango ya taifa. Ilianza kikazi tu. Nina kibanda cha kuchapa na kutoa nakala hapa Mchafukoge, na siku moja mteja alileta mpango wa nchi wa kupunguza gesijoto, zile hewa zinazoipasha dunia joto. Nikasoma ukurasa mmoja wakati mashine inapata moto, nikanogewa. Treni ya umeme imo, mabasi ya gesi yamo, misitu imo, mpaka majiko yamo.

Mpaka majiko! Yaani kuna watu wamekaa ofisini wakaandika kuhusu jiko la mama yangu.

Mama anapika chakula cha mchana uwani, nyuma ya jengo tunaloishi. Alianza baada ya maji ya Jangwani kutuondoa kule bondeni tulikokuwa tumepanga, tukaja huku juu na masufuria na nguo chache. Uwa huu ndio uliotulea. Ada zangu za shule zilitoka humu, kodi ya nyumba inatoka humu, na siku ya Ijumaa, watu wakitoka msikitini, foleni ya wali wake wa nazi inafika mpaka kwenye geti.

Sasa, wiki iliyopita kulikuwa na mkutano wa mtaa. Alikuja afisa mazingira, kijana mpole, kutueleza habari ya nishati safi ya kupikia. Alikuwa anaeleza vizuri tu mpaka alipofika kwenye "hewa ukaa". Alisema nchi imeahidi kupunguza hewa ukaa. Mama akanyoosha mkono.

"Mwanangu, nchi hii tumeshasikia wafanyakazi hewa. Huyu ukaa hewa naye analipwa na nani?"

Watu walicheka mpaka viti vikalia. Kijana wa watu naye alicheka, kisha akajaribu tena: ni hewa inayotoka kitu kikiungua, kuni, mafuta, mkaa. Mama alichokisikia ni neno moja tu, mkaa.

"Kumbe shida ni mimi," akasema, akakaa.

Nyumbani alinibana. Wenye viwanda vikubwa vya huko duniani, moshi wao umeisha? Nikamwambia ukweli, kwamba mchango wetu katika joto hili ni mdogo sana, na hata sera yenyewe inakiri. Lakini nikamwambia pia kwamba miti inayokatwa kwao Rufiji ndiyo inayokuja kwenye magunia mpaka uwani kwetu, na kwamba kikohozi chake cha asubuhi hakikutoka kiwandani kwa mtu. Akanipa mgongo, akaendelea kuchambua mchele. Halafu nikamwambia umeme wa siku hizi mwingine unatoka kwenye bwawa la hukohuko Rufiji. Hapo akageuka.

"Kwa hiyo yale maji ya kwetu ndiyo yatakayopika?"

Nilidhani nimeshinda. Lakini siku mbili baadaye akaja Bwana Saidi, msimamizi wa jengo. Alisema wapangaji wa ofisi za juu wamekubaliana kufuata nishati safi, na hawataki tena moshi wa mkaa uwani. Kuna mpishi wa kutoka nje aliyejitolea kuwaletea chakula kwenye vikasha. Ila yeye Bwana Saidi amemwombea Mama nafasi moja: Ijumaa apike bila mkaa, wale, waamue. Wakiridhika, uwa unabaki wa kwake. Wasiporidhika, basi.

Ijumaa yenyewe ndiyo leo.

Nikavuka mpaka Kariakoo nikanunua jiko la umeme la presha, kubwa, lile linaloivisha chakula likiwa limefungwa. Nikanunua na jiko la gesi la mafiga mawili. Niliyabeba kwa maringo kana kwamba taifa zima limenituma. Jumatano tukajaribu wali. Ukaiva haraka, mweupe, kila punje na njia yake. Mama akaonja.

"Umeiva," akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa pole.

Kasoro yake niliijua kabla hajaitaja. Wali haukupaliwa. Kwa asiyejua mambo ya jikoni: wali wa nazi ukikauka tui, unapunguza moto wa chini, kisha unapanga makaa juu ya mfuniko ili joto lishuke toka juu. Huko ndiko kupalia. Ndipo wali unapokauka sawasawa, harufu ya nazi inajifunga ndani, na chini unapatikana ukoko wa rangi ya dhahabu ambao watu wazima na ndevu zao wanagombea. Wali usiopaliwa, kwa Mama, ni mchele uliolowa.

Nikamwambia watu watauzoea. Nilijisikia nadanganya wakati nasema.

Leo basi. Wanaume wameshaenda msikitini, mimi niko kibandani namalizia kuchapa barua ya mtu, nikasikia harufu. Haikuwa ya chakula. Ilikuwa ya plastiki. Niliacha mteja na barua yake nikakimbia uwani, kandambili moja ikabaki njiani.

Mama alikuwa amesimama juu ya jiko jipya, koleo mkononi. Juu ya mfuniko wa jiko la umeme, palipangwa makaa matatu mekundu, kwa ustadi wote.

"Mama! Unafanya nini?"

"Napalia."

Alikuwa na jiko dogo la mkaa amelificha nyuma ya pipa la maji. Alisema hakutaka kupikia mkaa, alitaka kupalia tu, na hiyo si kupika. Mfuniko ulikuwa umeshabonyea katikati kama godoro la zamani. Nikachomoa waya, tukayapangua makaa, mvuke ukatoka kwa kupiga mluzi uliowashtua paka wote wa Mchafukoge. Jiko likazimika na halikuwaka tena. Ndani, wali ulikuwa nusu mbichi. Na swala ilikuwa inakaribia kwisha.

Naandika hili kwa uwazi. Mimi ndiye niliyeisifia sera hii asubuhi na jioni mpaka Mama akakubali. Kama uwa ungeondoka leo, ningemtazamaje? Yeye alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono mapajani, hana hata hasira. Akaniita kwa jina langu, taratibu.

"Zuwena. Wewe ndiye unayesoma. Hebu niambie, hiyo sera imekataza mkaa, au imekataza kupalia?"

Nikafungua mdomo nimjibu kwa ukali kidogo, maana nilikuwa nimeungua kidole. Kisha nikasita. Kurasa zote nilizosoma zikanipita kichwani: misitu, magari, taka, mashamba, majiko.

Sera haijakataza kupalia.

Haikusema popote kwamba moto usikae juu. Inataka tuache mkaa, basi. Nikamwambia hivyohivyo. Akaniangalia, nami nikamwangalia, na wote wawili tukageukia ukutani palipoegemezwa chuma chake cha chapati, kile kipana, kizito, anachokitumia asubuhi. Sikumbuki nani alikuwa wa kwanza kuinuka.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Wali tukauhamishia kwenye sufuria lake la siku zote, lenye mfuniko bapa. Nikawasha mafiga yote mawili ya gesi. Huku sufuria, moto mdogo kabisa. Kule chuma, moto wote. Chuma kilipopata, Mama akakirushia matone ya maji kwa ncha za vidole, matone yakaruka na kupotea. Akakibeba kwa matambara mawili akakilaza juu ya mfuniko. Kikapoa, tukakirudisha motoni, tukakilaza tena. Lile jiko la nyuma ya pipa nililimwagia maji mwenyewe.

Halafu ikaja ile harufu ya nazi inayoanza kukauka chini. Mama alifumba macho. Nilitamani kupiga kigelegele palepale, ila bado tulikuwa hatujapakua.

Wa kwanza kufika alikuwa Ommy, fundi simu wa pale mbele ya jengo, kofia ya msikitini bado kichwani.

"Shikamoo Mama. Vipi, leo ukoko upo au ndo mambo ya umeme hayo?"

"Marahaba. Leta sahani."

Akamkwangulia kipande. Ommy akakitafuna, kikalia kwenye meno yake, na ndugu zangu, ule mlio ulinitoa machozi. Nikajifanya natafuta pilipili.

Wakashuka watu wa ofisi za juu pamoja na Bwana Saidi. Walikula wamesimama, wengine wakaongeza. Bwana Saidi alimaliza sahani yake, akaiweka chini, akaanza kuzunguka uwani anachungulia. Akachungulia chini ya meza. Akaenda nyuma ya pipa, akaliona jiko la mkaa limelowa, akarudi uso umekunjamana.

"Mama Zuwena, tulikubaliana bila mkaa. Wali huu umepaliwa. Mimi nimekulia Pangani, hunidanganyi."

Nikamgeukia Mama. Wala hakubabaika. Alimwambia jiko lile la mkaa limeharibu jiko la umeme na wala halijaivisha punje, akamwonyesha mfuniko uliobonyea. Kisha akanyanyua chuma cha chapati kwa matambara yake.

"Nimepalia na hiki. Moto wa gesi."

Bwana Saidi, badala ya kuuliza, akakigusa. Aliruka akatia kidole mdomoni, mtu mzima na kanzu yake, na uwa mzima ukalipuka kwa kicheko, wa ofisini kwa wa barabarani. Naye akaishia kucheka. Aliwatazama wale wa juu. Dada mmoja wa ofisini akasema kwamba yeye vikasha havitaki, anataka ukoko. Wengine wakaitikia.

"Jumatatu endelea, Mama," Bwana Saidi akasema. "Uwa ni wako. Na hicho chuma uwafundishe wenzako wa jengo la pili, maana nao wamepewa masharti hayahaya."

Mpaka sasa nikikumbuka mwili unanisisimka. Kule juu kuna ahadi ya nchi nzima mbele ya dunia, na huku chini kuna Mama na chuma cha chapati, na leo vimekutana katika sufuria moja nikiwa nimeshika mwiko. Nimefurahi kwa namna ambayo hata kuieleza naona aibu. Jiko langu la umeme limekufa na wala sijalilia.

Nilipomaliza kuosha vyombo nikaenda kurudisha ndoo chini ya ngazi. Nikakuta gunia la mkaa, nusu, limefunikwa kanga mbili, tena zile nzuri. Nikapanda juu nikamuuliza Mama kama hatukuwa tumemalizana na habari hii. Alikuwa amejilaza, miguu juu ya mto, hajakohoa tangu mchana. Hakufumbua hata macho.

"Siku umeme umekatika na mtungi wa gesi nao umeisha, Ijumaa, watu wameshapanga foleni, nitawapakulia sera?"

Nimeketi hapa na swali lake na nimepekua kurasa zote nilizonazo. Siku hiyo haimo. Gunia bado liko chini ya ngazi, na mimi mwenyewe ndiye niliyelirudishia kanga zake.