Maji Yaliyochemshwa Kileleni

Songea, 4 Juni 1907

Mjomba Mussa,

Shikamoo. Sisi tuliobaki ni wazima, njaa imepungua kidogo. Kifua chako kinaendeleaje huko Lindi?

Nimepata kazi ya kubeba sanduku la Mjerumani anayechora ramani ya milima na mahali penye madini. Mjomba, mlima tuliouzunguka siku mbili anaufunika kwa kidole gumba, na kila kijito kimo. Niliogopa kupumua juu ya ile karatasi.

Umebaki mlima wenye mashimo ya wahunzi wa zamani. Mama na wenzake wamejificha humo tangu vita. Ukichorwa, askari hawatahitaji wa kuwaonyesha njia. Nifanyeje?

Mpwa wako,
Nassoro

Lindi, 30 Juni 1907

Nassoro,

Marahaba. Kifua kimetulia, alhamdulillahi. Niliondoka huko miaka ishirini iliyopita. Sina njia ya kukuelekeza. Usijaribu kumpotosha, ana dira. Mama yako Zena ndiye dada pekee niliyebakiwa naye. Nijibu upesi.

Mjomba wako,
Mussa

Songea, 9 Agosti 1907

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imenikuta kazi imekwisha.

Kwenye kila kilele Mjerumani huchemsha maji, akatia kipimo cha kioo, kisha akataja urefu wa mlima. Alinieleza kwamba juu maji huwahi kuchemka. Nilistaajabu kuona sufuria inajua tulipo. Wapagazi hawakuelezwa. Chini ya mlima wa mashimo, mmoja wao, Tadei, akatua mzigo.

“Vitani sisi tulinyunyiziwa maji ya baridi ili risasi zisitudhuru, tukafa. Huyu anachemsha yake. Akimaliza kilele hiki atatufanya nini?”

“Labda anapika chai,” mmoja akasema.

“Chai gani haina mnywaji?”

Wote wakatua. Mjerumani, ambaye hakuwa na askari, akaniuliza wanaogopa nini. Sentensi moja ya kuwaeleza ile sufuria ingewapandisha. Nikasema, “Miguu imewavimba, bwana.” Tukangoja siku mbili, unga ukaisha, tukarudi bila kuupanda.

Tadei huniuliza kama kweli tulinusurika. Namwambia ndiyo.

Nassoro

Lindi, 2 Machi 1908

Mpwa wangu,

Salamu, na afya njema kwenu.

Leo karani amenionyesha nakala ya ramani yenu. Nimeipita mito ya utoto wangu kwa kidole, mmoja mmoja, myembamba kama unywele, na yote imekwenda inakokwenda. Halafu kidole kikafika penye weupe, mdogo kama ukucha.

“Hapo hapana kitu, mzee,” akasema karani.

Nikamshukuru. Nilibaki nimepainamia mpaka akafunga madirisha.

Mjomba wako,
Mussa